Aliyekaa Nyuma

Nionyeshe majeraha yako ya pikipiki nami nitakuambia ulikuwa umekaa wapi. Sijisifu, ni mazoea tu. Miaka ile ya gesi nilikuwa muuguzi wa hospitali ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, katika chumba cha penso, yaani chumba ambamo vidonda huoshwa na kufungwa, na siku nyingine benchi la nje lilijaa watu wa pikipiki tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa na ustaarabu wake. Mvuvi kachomwa na mwiba wa samaki taa, mkulima kajikata na panga, mtoto kaanguka kutoka mnazini. Watu walikuja pole pole, wakaamkiana, wakaulizana habari za nyumbani hata damu ikasahauliwa. Kisha ikaja habari kwamba chini ya bahari yetu kuna gesi. Nyuma ya habari wakaja wageni, na nyuma ya wageni wakaja vijana wa Pemba, wa Nampula, wa Mtwara, kila mmoja anataka kufika kwenye kambi ya gesi kabla ya mwenzake. Barabara ikachongwa na kumwagwa kifusi chekundu. Wavuvi wa kisiwa cha Macaloe waliuza nyavu wakanunua pikipiki, wengine waliuza minazi waliyoachiwa na babu zao. Palma nzima ilishikwa na haraka. Ukimuuliza mtu anakwenda wapi, anakujibu akiwa ameshapita.

Haraka haraka haina baraka, tunasema sote. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha hiyo haraka kwa maji ya chumvi.

Nilianza kuona kwamba miili inajirudia. Dereva huumia mbele. Huvunjika kifundo cha mkono kwa sababu haachii usukani hata dakika ya mwisho, huchunika magoti, hupasuka muundi, na mapajani huwa na mavilio ya damu chini ya ngozi, pale alipoligonga tangi. Abiria huumia kwingine kabisa. Akirushwa, kisogo ndicho kinachotangulia. Pikipiki ikilala upande wa kulia, ekzosi, lile bomba la moshi, humshika mguu kwa ndani, chini kidogo ya goti, ikamwachia alama ndefu ya mviringo, ukubwa wa kokwa la embe. Wanawake wanaokaa upande kwa heshima, miguu yote kushoto, hao huja na nyonga na mabega. Mtoto aliyepakatwa juu ya tangi huja bila meno ya mbele. Kofia ngumu walikuwa nazo baadhi, lakini walizivaa kwenye kiwiko, wakiziweka tayari kwa ajili ya askari wa barabarani. Sijapata kuona viwiko vilivyo salama kama vya Palma.

Nikaufanya mchezo. Mgonjwa akiingia, kabla hajafungua kinywa, namwambia: "Wewe ulipakiwa." Au: "Wewe ndiye dereva, na usinidanganye." Siku moja alikuja mzee mmoja wa heshima zake, kaficha mguu kwenye saruni, ananiambia kaanguka mnazini. Nilifunua nikaona kokwa la embe, jekundu, bado linatoa maji. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mnazi gani huo wenye ekzosi?" Wenzangu walicheka mpaka wakashika ukuta. Mzee alikuwa amewakataza wanawe wasipande pikipiki, naye akapanda kwa siri kwenda kupanga harusi yake ya pili. Nilimfunga kidonda nikamstahi, ingawa mdomo wangu uliwasha kwa wiki nzima.

Ndivyo nilivyo. Mdomo mwepesi, hasira za karibu, na kiburi cha mtu anayejua kitu kimoja vizuri sana.

Nilikuwa na kazi nyingine niliyorithi kwa baba. Mtaani kwetu sisi ndio waosha maiti wa wanaume. Baba alinifundisha kumwanza maiti upande wa kulia, kuosha chini ya shuka bila kumfunua, kukamua maji ya mkunazi polepole kana kwamba bado anaona uchungu. Na alinifundisha sharti la kazi: ukiona baya kwenye mwili wa maiti, lizike pamoja naye, ukiona jema, toka ukaseme. "Mwosha huoshwa," alikuwa akisema kila tulipokunja mikono. "Vile utakavyomsitiri wewe, ndivyo utakavyositiriwa." Sharti hilo lina pande mbili. Nalitaja sasa kwa sababu ulifika wakati nikalishika upande mmoja tu.

Nilikuwa na mpwa, mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea mimi, maana huku kwetu baba anaweza kuondoka lakini mjomba haondoki. Kijana mwenye moyo mzuri na mikono isiyotulia. Mwaka mmoja nilimfunga vidonda mara mbili, mara zote akiwa ameazima pikipiki ya mtu. Mara ya pili nilimkalisha juu ya mkeka, nikamletea msahafu, nikamwapisha kwamba hatashika usukani tena maisha yake. Nilimwambia akivunja kiapo hicho asikanyage nyumbani kwangu. Aliapa. Aliruhusiwa kupakiwa tu, akae nyuma kama mzigo.

Mpakiaji wake alikuwa rafiki yake wa jando. Waliingia kumbini pamoja, wakatoka pamoja, na tangu hapo ukimwona mmoja, mwingine hayuko mbali. Huyu rafiki alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, na aliiendesha kama anayebeba mayai. Wajawazito walimtaka yeye. Mama yake alikuwa mjane kutoka kijiji cha Quiterajo, mkulima wa mpunga, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtoto alikuwa ni huyo huyo mmoja.

Asubuhi ile walisikia kwamba kambini yatasomwa majina ya vibarua. Waliondoka pamoja. Kabla ya saa nne nikasikia kelele nje ya hospitali, gari la kifusi limesimama, na mpwa wangu anashushwa. Mwenzake hakushushwa. Alikuwa amekwisha kufa njiani, na watu wa gari walimpeleka moja kwa moja kwa mama yake.

Nilimweka mpwa wangu kitandani, nikaanza na magoti. Yote mawili yalikuwa yamechunika mpaka nyama nyeupe.

"Nani alikuwa anaendesha?" nilimuuliza.

"Yeye, mjomba. Alitaka kulipita lori ndani ya vumbi, tukakutana na jingine."

"Yeye?"

"Yeye. Mimi nilikaa nyuma."

Nilikuwa nimekishika kifundo chake cha mkono wa kulia, kimevimba kama andazi. Nilipopandisha kaptula niliona mavilio ya damu mapajani, kulia na kushoto, pale pale panapokaa tangi. Nikajiambia, huyu ni mtoto wako, usimsome kama unavyosoma watu. Nikampeleka kufungwa plasta. Askari alikuja akamuuliza lile lile swali, akapewa lile lile jibu, akaliandika.

Alasiri nikaitwa kumwosha mwenzake.

Tulikuwa watatu, mimi na wazee wawili. Tulianza upande wa kulia, kama kawaida. Nilishuka na maji kutoka bega hadi mkono, nikafungua kiganja chake. Kilikuwa safi kama cha mtu aliyetoka kunawa. Nikafungua cha kushoto, nacho safi. Magoti hayakuwa na mkwaruzo. Mkono wangu ukaendelea kushuka chini ya shuka mpaka mguu wa kulia, ndani, chini kidogo ya goti, na vidole vyangu vikakuta ngozi imejikunja. Sikuhitaji kuangalia, lakini niliangalia. Kokwa la embe, la siku hiyo hiyo. Na kisogo, tulipomgeuza, kilikuwa laini.

Wale wazee waliona kidonda wakasema innalillahi. Mimi niliona kiti alichokalia. Nilimaliza kumwosha, nikamfunika mguu ule kwa sanda, na tukamzika kabla ya magharibi.

Maneno yalianza makaburini. Kijana alikuwa mpole, ndiyo, lakini gesi imewatia wazimu hata wapole. Mbio zimemwua, na nusura amwue na mwenziwe. Mpwa wangu alisimama pembeni, mkono kwenye plasta, watu wanampa pole na kumshukuru Mungu kwa niaba yake. Nami nilisimama karibu naye nikipokea pole zile. Nilijiambia mwosha hasemi alichokiona, na nikajiona mwema.

Siku ya tatu, baada ya hitima, yule mama alikuja nyumbani. Alikuja asubuhi na wanawake wawili wa kwao, wamejitanda kanga, wakakaa juu ya mkeka. Mke wangu akatoa maji, hakuyanywa. Nilidhani amekuja kumwangalia kijana hali yake. Aliinama akashika miguu ya mpwa wangu, miguu ya mtoto aliyemlisha uji kwa mkono wake.

"Mwanangu," alisema, "n'toto wangu kafa na haki yako shingoni. Kakuumiza, nusura akuue. Nimekuja kumwombea radhi. N'samehe, alale."

Kisha akanigeukia mimi, ambaye kwa ujirani huniita shemeji. "Nawe, shemeji. Wewe ndiwe mzazi wake. N'samehe n'toto wangu."

Hii ni desturi yetu, mwenye kufa huombewa radhi kwa aliowakosea, na nimeiona mara nyingi ikifanyika kwa madogo, maneno ya kisimani, mpaka wa shamba. Sikuwahi kuiona ikifanyika kinyume. Mpwa wangu alinitazama. Naapa alinitazama muda mrefu, na mimi nikaangalia plasta yake.

"Nimemsamehe, mama," akasema.

"Mungu amrehemu," nikasema mimi. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, mimi niliyemwambia mzee wa watu juu ya mnazi wenye ekzosi.

Tangu siku hiyo sikukaa. Naandika hivi kama yalivyokuwa: sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama, sahani mkononi, mke wangu akiniuliza kama kiti kina misumari. Kazini nilifunga bandeji nikafungua nikafunga upya. Nikimaliza ua mmoja wa hospitali nauzunguka mwingine. Mchezo wangu ulikufa. Mgonjwa akiingia nilimkemea kabla hajasalimu: "Sema umeumia wapi, habari za nani alikuwa nani sizitaki." Siku moja mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika aliniambia, taratibu tu, kwamba hakuwa ameniambia habari za mtu yeyote. Nikatoka nje nikaosha mikono iliyokuwa safi.

Kila pikipiki iliyopita mtaani niliisikia mpaka ilipoishia. Na zilikuwa hazishi. Watu waliendelea kukimbilia kambini, majina yalisomwa, majina hayakusomwa, malori yalizidi. Mpwa wangu alikaa barazani na plasta yake, akitazama zikipita. Tulikuwa tukisalimiana kama wapangaji.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari za yule mama. Alitaka kurudi kwao Quiterajo baada ya arobaini. Alisema hapa pikipiki ikipita, watu wanamtazama yeye. Tena alikuwa anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, akimwombea mwanawe afutiwe kosa la kumuumiza mwenziwe. "Amekonda," mke wangu akasema. "Mvua zikianza hatalima yule."

Niliweka sahani chini. Nilijaribu kulishika lile sharti la baba kama nilivyolishika siku zote zile, lile la kusitiri. Safari hii likakataa kushikika. Baya lipi la maiti nilikuwa nasitiri? Yule kijana hakuwa na baya. Mwili wake ulikuwa na jema moja, alama moja iliyomtoa katika lawama, na nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba jema ukiliona, toka ukaseme. Nilichokuwa nasitiri ni cha mtu aliye hai, anayelala nyumbani kwangu. Niliona haya kiasi kwamba nilijifanya natafuta kiberiti.

Siku moja kabla ya arobaini, mpwa wangu alikuja hospitali kutolewa plasta. Ilikuwa zamu yangu. Niliikata, nikaipanua, mkono ukatoka mwembamba, mweupe, una harufu. Nikauosha. Kisha nikamwambia, "Leta na mguu. Wa kulia."

"Mguu hauna kitu, mjomba."

"Najua hauna kitu. Ulete."

Alipandisha suruali. Nikapitisha kidole ndani, chini ya goti, pale nilipopitisha kwa mwenziwe. Ngozi laini kabisa.

"Tangu lini unajua?" aliniuliza.

"Magoti yako nilikuwa nimeyaona. Alasiri nikamwosha yeye, nikajua."

Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto anayetaka kulia na hajui aanzie wapi. "Siku alipokuja mama yake nilikutazama," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Uliposema Mungu amrehemu, nikajua na wewe unataka iwe hivyo."

"Kwa nini ulinidanganya mwanzo?"

"Nilikuapia, mjomba. Alinipa usukani dakika kumi tu, nilimsumbua mpaka akanipa, ili tuwahi majina. Nilipofumbua macho pale chini, kabla hata sijamtazama yeye, nilikuwa nakuogopa wewe."

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Nilimwomba mwenzangu anishikie chumba, nikatoka na koti langu la kazi kama lilivyo. Kijana alisema tupande mota, yaani pikipiki ya kukodi, tutafika upesi. Nilimtazama tu, tukaenda kwa miguu.

Tulimkuta yule mama nyuma ya nyumba yake, ametandaza vitu vyake vya safari juani, kinu, sufuria mbili, mkeka uliokunjwa. Ilikuwa Alhamisi na midomo yake ilikuwa mikavu. Alituambia karibuni, akatafuta pa kutukalisha. Nilikataa kukaa. Nikasema moja kwa moja, maana ningeanza na habari za asubuhi nisingefika.

"Shemeji, mimi nilimwosha mwanao. Viganja vyake vilikuwa safi. Magoti safi. Mguu wa kulia, hapa ndani, alikuwa ameungua na ekzosi."

Aliacha kukunja kanga aliyoishika. "Hapa ndani?"

"Hapo."

Akapandisha pindo la kanga yake kidogo tu, kwa staha, akatuonyesha. Kokwa la embe, la zamani, limeshakuwa jeusi. "Hili alinitia yeye," akasema. "Siku alipoileta hiyo mota, kanipakia kunizungusha, nami kwa ushamba nikashukia kulia. Alilia kuliko mimi." Aliliteremsha pindo. Nilimwona akilifikia jambo, hatua kwa hatua, bila msaada wangu. "Basi kakaa nyuma," akasema. "N'toto wangu kakaa nyuma."

Mpwa wangu alikuwa ameshapiga magoti mchangani. Alisema yote, dakika kumi, usukani, lori, vumbi, kiapo. Alimshika miguu kama yeye alivyoshikwa. Mama alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, akitaja jina la mwanawe na kusema hana kosa, hana kosa, hana kosa. Majirani walichungulia uani. Nilifurahi wakichungulia.

Alipotulia, aliweka mkono juu ya kichwa cha kijana. "Nimekupa radhi," akamwambia. "Wewe na yeye mlitoka kumbini pamoja. Inuka." Kijana hakuinuka upesi, na mama hakuuondoa mkono.

Kisha akanitazama mimi niliyesimama na koti langu.

Nilimwambia kesho kwenye arobaini nitasimama mbele ya wanaume wote niliseme kama mwosha, jema nililoliona. Nitasema pia kwamba nilichelewa. Nilimwomba radhi, nikairudia mara ya pili kwa sababu ya kwanza hakuijibu.

"Kesho useme," akasema. "Useme kwa sauti, mpaka wa nyuma wasikie." Akachukua kanga yake akaendelea kuikunja, pembe kwa pembe, bila haraka. "Siku nilipokuja kwako, ulikuwa umekaa palepale. Nilimshika n'toto wako miguu, wewe unaona. Huyu kijana alikuwa anakuogopa wewe. Je, wewe, shemeji, ulikuwa unamwogopa nani?"

Kesho yake nilisimama, nikasema kwa sauti, wa nyuma wakasikia. Mama hakurudi Quiterajo. Mvua zilipoanza alilima, na mpwa wangu alimlimia. Radhi yangu sikuiomba tena, kwa kuwa najua ataniuliza lile lile swali, na sijalipatia jibu.